Mustari wa Alfani

Kuna ndoto inanirudia tangu maji yalipotoka kwetu. Ziwa linapanda polepole, bila mawimbi, kama mugeni anayevua viatu nje kwanza. Linafika mbele ya mulango wetu, linainama, linapapasa ubao kwa vidole, pale chini, usawa wa goti. Linautafuta mustari wake. Halafu linainua uso kuniangalia, na mimi naona haya, kama mimi njo niliyeuhamisha.

Na ni kweli nilikuwapo siku ulipohamishwa. Njo sababu naandika. Nikisema kwa mudomo watu wa mutaa wetu hapa Kalemie wanacheka, wanasema Mama Sabrina anaogopa hata beseni ya kufulia. Wacheke. Maneno ya karatasi hayachoki kungoja.

Mwaka huu Twahiri alikuja kuuomba ule mulango. Twahiri njo kijana atakayemuoa Sabrina, mutoto wangu wa kwanza. Anavusha mizigo Kigoma pamoja na bwana yangu Swedi. Ni kijana wa kucheka haraka, anasalimia wakubwa kwa mikono miwili. Alikaa barazani, akanywa chai yake yote, akasema:

“Mama, nimepata parsele, kiwanja changu mwenyewe. Iko hapa chini tu, pale maji yalipotoka. Muchanga umekauka, majani yameota vizuri. Mutumbwi wangu nitaufunga nikiwa kitandani.”

“Kitandani,” nikasema.

“Njo raha yenyewe, Mama. Sabrina ameniambia kwenu mulango unakwenda na mutoto wa kwanza anayejenga. Basi tumekuja kuuomba.”

Sabrina alikuwa amesimama nyuma yake, anaangalia vidole vya miguu yake. Niliwaambia nitafikiri. Nilipowatazama wakitoka, niliwaona kama watu wanaotembea chini ya maji, nguo zao zinapepea polepole, nywele za mutoto wangu zinapanda juu. Nikafumba macho. Nilipofumbua walikuwa wanacheka barabarani, wakavu.

Ule mulango ni wa muninga, muzito, mwekundu ukilowa. Aliuchonga Muzee Alfani, baba mukwe wa Bibi Mwavita, ambaye ni mama mukwe wangu mimi. Alfani alikuwa muntu wa chumvi na ndakala, wale dagaa wa ziwa letu, anauza ng'ambo hii na ng'ambo ile. Watu wengine wana vitabu; huu ukoo ulikuwa na mulango. Kila baya la mbinguni au la ardhi lililopita hapa, mwenye nyumba alichukua kisu akaliweka kwenye ubao.

Mwaka wa sitini na ine ziwa lilipanda mupaka ndani ya nyumba ya Alfani. Siku lilipoacha kupanda, alikata mustari kutoka upande mumoja wa ubao hadi mwingine. Maji yalikuwa yamefika gotini. Huo njo mustari wa Alfani. Juu yake kuna alama kama mukia wa samaki: ni upepo wa mwezi wa tatu uliong'oa mabati ya mutaa muzima. Bibi alisema yalikuwa mazuri kuangalia, yanang'aa juu kama kundi la ndege, mupaka yalipoanza kushuka. Kuna shimo jeusi lililochomwa kwa musumari wa moto: hiyo ni radi iliyoua mbuzi sita za Papa Hubert chini ya muti mumoja, yeye akabaki ameshika kamba. Kuna vitone vya mvua ya mawe. Na kuna ufa murefu unaoshuka kutoka juu. Huo hakuna muntu aliyeuchonga.

Bibi aliwafundisha watoto kuusoma mulango kwa vidole, macho yamefungwa. Sabrina alijua upepo na radi kabla ya kujua a, e, i, o, u. Na wakati wa mvua nyingi majirani walikuwa wanakuja kwetu asubuhi, wanasogeza goti kwenye ule mustari, wanalitazama ziwa, wanarudi makwao wametulia.

“Hapa njo mwisho wake,” Bibi aliwaambia. “Ziwa lina adabu. Lilifika hapa likasema, nimetosheka.”

Ufa uliletwa na tetemeko, mwezi wa kumi na mbili wa mwaka elfu mbili na tano. Ilikuwa muchana, watu wametoka kula. Mimi nilikuwa na mimba ya Sabrina. Niliona sufuria zinatembea zenyewe uani, moja nyuma ya ingine, kama bata. Halafu sauti ikatoka chini, siyo mbinguni, na nyumba ya Alfani ikakaa chini kama muntu aliyechoka. Vumbi lilipotulia kulikuwa kumebaki kitu kimoja kimesimama: mulango, ndani ya fremu yake, umefungwa, mbingu upande huu na mbingu upande ule.

Bibi Mwavita alikuwa ndani ya vifusi, mweupe kwa vumbi, hana hata jeraha. Alisogea, akafungua mulango, akapita, akaufunga nyuma yake.

Swedi akamuuliza, “Mama, si ungepita tu pembeni?”

“Mimi si mwizi,” Bibi akajibu.

Tulicheka tukiwa tunatetemeka. Nyumba hatukuirudisha pale. Swedi alitaka kuwa karibu na mitumbwi, akapata parsele chini, karibu na maji. Siku ya kuhama, wanaume wane waliubeba mulango vichwani, umelala chali kama marehemu wa heshima. Bibi alitembea mbele. Mimi nilifuata nyuma, mikono juu ya tumbo, nikipima kila hatua juu ya mimba, maana ile njia inateremka na ina kokoto. Magoti yangu yalijua kabisa kwamba tunashuka. Yaliniuma siku mbili. Kichwa changu hakikuyauliza kitu.

Wakausimamisha kwenye nyumba mupya. Majirani wapya wakaja, wakasogeza magoti. Mustari ulikuwa palepale, usawa wa goti. Kila muntu akasema asante Mungu.

Sabrina alipokuwa na miaka saba, siku moja alimuuliza Bibi, “Mulango ulipokuja huku, na ziwa lilikuja nao?”

Tulicheka wote barazani. Bibi alimupa karanga kwa kuwa muchekeshaji. Na mimi nilicheka, naukumbuka ule mucheko wangu. Kama ningeweza kuurudisha kinywani ningeurudisha.

Basi ikaja miaka ya maji. Yalipanda kidogo, yakashuka kidogo, yakatuzoesha. Mwaka wa elfu mbili na makumi mbili na ine hayakushuka tena. Kila siku yalikula kidole kimoja cha uani. Bata walifurahi. Papa Bonaventure, jirani yetu, muvuvi aliyetoka Baraka, akaanza kuegesha mutumbwi wake kwenye jiko la muke wake.

“Sasa samaki watajileta wenyewe kwenye sufuria,” alimuambia. “Wewe leta tu chumvi.”

Watu walikuja kwa Bibi kuuliza. Bibi alichukua uzi, akaupima kutoka chini ya mulango mupaka kwenye mustari wa Alfani, akafunga fundo. Kisha akaongeza vidole viwili, akafunga fundo la pili. “Inueni vitanda mupaka hapa,” akasema. “Wekeni matofali chini ya miguu ya kitanda. Hata likija lote, litapita chini yenu.”

Ule uzi ulitembea nyumba kwa nyumba. Nyumba kumi na moja zilipima vitanda vyao kwa uzi wetu. Mimi njo nilikuwa naupeleka, nimeuzungusha kidoleni. Watu wengine wa mutaa wa pili walikuwa wanahama, wanapandisha magodoro kilimani. Sisi tuliwaonea huruma. Tulikuwa na mulango.

Siku yenyewe ilikuwa siku nzuri. Hiyo njo inanitisha mupaka leo: jua lilikuwa linawaka, hakukuwa na wingu. Maji yalikuwa ndani tangu siku tatu, yanafika kwenye kifundo cha muguu, na tulishaanza kuyaona kama sakafu. Baada ya chakula Bibi alipanda kitandani kupumzika na Mouna, mutoto wangu wa mwisho, aliyekuwa na miaka mine. Sabrina alikuwa kilimani kwa shangazi yake. Mimi nilibeba muhogo nikaenda kusaga.

Nikiwa kwenye foleni ya mashine, upepo ukaanza kutoka ziwani. Haukuwa mukali. Ulikuwa upepo murefu, wa pumzi moja, usiokatika. Nikaacha muhogo wangu palepale, nikakimbia nyumbani.

Uani kwetu maji yalinifika kifuani. Yalikuwa ya uvuguvugu na kimya. Nilisukuma mulango, haukunisikia, nikaingia kwa dirisha. Ndani, mwanga wa jua ulikuwa unaingia dirishani, unapiga maji, unacheza juu ya mabati kama nyavu za dhahabu. Chandarua kilikuwa kimetandazwa juu ya maji, na ndani yake ndakala wadogo wanazunguka. Kandambili za Mouna zilikuwa zinaelea moja nyuma ya ingine, zinaelekea jikoni. Bibi alikuwa ameketi wima kitandani, maji kiunoni, Mouna kifuani pake. Mutoto alikuwa amelala bado. Mukono wake ulikuwa ndani ya maji, vidole vinachezacheza, na alikuwa anatabasamu. Sijui aliota nini. Sijamuuliza mupaka leo.

“Bado, Mama Sabrina,” Bibi akaniambia polepole, asimuamushe. “Halijapita mustari.”

Nilitazama mulango. Mustari haukuonekana. Ulikuwa chini kabisa, mahali pa samaki.

Papa Bonaventure alifika na mutumbwi mupaka dirishani. “Bibi Mwavita,” akaita, “panda, leo hatuulizi tikiti.” Nilimupitishia Mouna. Mulango haukufunguka, maji yalikuwa yameusukuma na mbao zimevimba. Bibi alishika kitasa, akavuta, akavuta tena. Papa Bonaventure akasema, “Mama, njoo tu kwa dirisha.” Tukamutoa kwa dirisha, mimi nasukuma, yeye anavuta. Alipokaa ndani ya mutumbwi, maji yanamutiririka, alisema neno moja tu.

“Leo nimekuwa mwizi.”

Katika zile nyumba kumi na moja, kumi zilitoa watu wao wote. Ya kumi na moja ilikuwa ya Mama Consolate. Alikuwa amemulaza Gauthier, kichanga cha miezi miwili, juu ya kitanda kilichopimwa kwa uzi wetu, akatoka kukimbiza sufuria zilizokuwa zinaondoka na maji. Hakwenda mbali. Alirudi na sufuria tatu.

Mama Consolate hajatuambia neno baya hata siku moja. Tukikutana sokoni anasalimia, anauliza watoto. Njo maana siwezi kunyamaza.

Bibi Mwavita alifariki kiangazi kilichofuata, huko kilimani tulipokimbilia. Siku zake za mwisho hakuzungumza habari ya mulango. Alikuwa anashika goti lake tu, analikandakanda, kama muntu anayetafuta mahali palipouma.

Halafu ziwa likarudi nyuma. Hivyo njo tabia yake. Tulirudi, tukafagia matope, tukapaka chokaa mupya juu ya alama ya maji ukutani. Watu walifurahi kuona muchanga, na wengine wakaanza kujenga chini zaidi ya pale walipokuwa zamani. Twahiri alikuwa mumoja wao. Alikuwa ameshaweka matofali yake pale, rundo refu, ameyapanga vizuri.

Walipokuja mara ya pili nilisema hapana. Twahiri hakukasirika.

“Mama, yale yalikuwa maji ya miaka sitini,” akasema. “Yakirudi, Sabrina atakuwa bibi hana meno, mimi nitakuwa nimeshakufa kwa kupika kwake.”

“Anza leo kujipikia,” Sabrina akamujibu.

“Unaona, Mama? Na bado nataka kumuoa.”

Nilisema, “Baba, nipe asubuhi moja. Wewe na Sabrina, na Papa Ngoy na ule mupira wake. Kisha mulango nitakupa kwa mikono yangu.”

Papa Ngoy ni fundi wa kujenga. Ana mupira mwembamba wa plastiki unaoonesha ndani, mita makumi tatu, anaujaza maji kupimia musingi. Ukishika ncha hii na mwingine ashike ncha ile, maji yanasimama sawa pande zote mbili, hata kama kuna nyumba katikati, hata kama kuna bonde. Maji ya mupira hayapendelei muntu.

Tuliung'oa mulango, tukaupandisha kwa ile njia ya kokoto mupaka mahali pa nyumba ya Alfani. Kizingiti chake bado kipo, jiwe moja jeusi katikati ya majani. Tuliusimamisha mulango juu ya kizingiti, Papa Ngoy akachomeka muti pembeni na kutia alama ya mukaa usawa wa mustari. Ilikuwa ajabu kuuona pale, mulango peke yake na mbingu pande mbili, kama ile siku. Nilitamani Bibi aufungue.

Tukaanza kushuka. Kila mita makumi tatu Sabrina alishika ncha ya nyuma kwenye alama, Twahiri ncha ya mbele kwenye mwanzi, Papa Ngoy akangoja maji yatulie, akatia mukaa. Papa Bonaventure alitufuata akiwa amefunga mikono nyuma.

“Ngoy,” akasema, “leo unajenga nyumba ya mashetani? Hakuna hata tofali.”

“Nyamaza, unatikisa maji,” Papa Ngoy akamujibu.

Mukaa wa kwanza ulikuwa gotini. Wa pili ulifika kiunoni kwa Twahiri. Wa tatu kifuani. Hapo Papa Bonaventure aliacha kutania. Kwenye mwanzi wa ine Twahiri aliinua mukono juu ya kichwa chake. Tulipofika kwetu, Papa Ngoy aliomba ngazi. Mustari wa Alfani ulikuja kusimama juu ya mulango, juu ya dirisha, chini kidogo ya mabati.

Sabrina alitazama pale juu, kisha akatazama ndani, mahali kitanda cha Bibi kilipokuwa. Ile siku maji yalitufika kifuani, na watu wote walisema ziwa limevuka mupaka wake. Kumbe lilikuwa bado halijafika mahali pake pa zamani. Lilikuwa linakuja tu.

“Tumalize,” nikasema.

Papa Ngoy akabaki juu ya ngazi, ncha moja kwenye alama ya mabati. Twahiri akashuka na ncha ingine mupaka kwenye parsele yake. Kereng'ende walikuwa wanaruka juu ya majani, ziwa linang'aa nyuma yake, limelala, halijui kitu. Aliinua mupira juu kadiri ya mukono wake. Maji yakatoka, yakamumwagikia.

“Panda,” Papa Ngoy akaita. “Maji yanakimbia huku kwangu.”

Twahiri akapanda juu ya matofali yake, akanyoosha mukono. Maji yakatoka tena, yakashuka kwapani, yakalowesha shati yote.

“Panda tena.”

“Hakuna tena matofali, Papa,” Twahiri akasema.

Alisimama pale juu ya nyumba yake ambayo haijajengwa, mukono juu, maji ya mupira yakimutiririka usoni mupaka yakaisha. Sabrina alienda akamushikia ule mukono, akaushusha. Nilimusikia akimuambia, siyo kwa ukali, “Niliuliza nikiwa na miaka saba. Walinipa karanga.”

Wewe unayesoma hii, kama kwenu kuna alama ya maji, ukutani au kwenye muti au kwenye kumbukumbu ya muzee, usisogeze goti kwanza. Uliza kwanza ilikatwa ikiwa imesimama wapi. Ubao unabebeka. Ardhi haibebeki.

Matofali yalipandishwa kilimani kwa pusipusi, mukokoteni wa kusukuma, wiki mbili nzima. Twahiri sasa anatembea nusu saa kufika kwenye mutumbwi wake, analalamika kila siku, na miguu yake imekuwa mizuri. Mulango niliwapa, kama nilivyoahidi. Lakini Sabrina alimuambia Papa Ngoy ausimamishe kichwa chini, miguu juu. Sasa mukia wa samaki uko chini, radi iko chini, ufa unapanda kutoka sakafuni kama muti, na mustari wa Alfani uko usawa wa macho. Kitasa kiko mahali pabaya kidogo. Kila mugeni anauliza.

“Fundi wenu alikuwa amekunywa?” Mama Emilie, jirani yao, aliuliza siku ya kwanza.

“Kaa, Mama,” Sabrina akamuambia, akamusogezea kiti. “Nikueleze.”

Mama Consolate naye alikuja siku ya arusi. Hakuuliza. Alisimama mbele ya mulango, watu wanapita pembeni yake na masahani. Kisha akaegemeza paji la uso wake kwenye ule mustari, polepole, akafumba macho, akakaa hivyo. Nilisogea nikasimama karibu naye.

“Hapa hakuna goti litakalofika, Mama Sabrina,” akasema.

Akafungua mulango, akanishika mukono, tukapita wote wawili.